UNATAKA SHOKAPU MPYA? SHIKA FUTI KWANZA!

Kama umeamka kiuno kinauma na jana ulipanda bodaboda, basi safu ya wiki hii ni ya kwako. Leo sina habari za mapenzi wala sina staa aliyefumaniwa. Leo nakuletea shokapu. Ndiyo, shokapu! Zile unazozikalia kila siku bila kuzikumbuka, mpaka dereva apande tuta bila kupunguza mwendo, ndipo unapolitaja jina la Mungu na la mama yako kwa pumzi moja.

Usicheke. Hapa mjini shokapu imekuwa fasheni. Kijana akipata visenti vyake, cha kwanza anataka springi nyekundu, nyuma inyanyuke juu kama panzi, na abiria akae kama yuko ghorofani. Ukimuuliza, "Braza, hii ya nini?" anakujibu, "Inapendeza, mwanangu." Sawa, inapendeza. Lakini kuna miguu ya kupendeza na kuna miguu ya kutembelea. Tofauti yake mimi nimeiona Mbuchi.

Kwa watoto wa mjini wasioijua, Mbuchi ni kata katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Iko huko delta ya Mto Rufiji, pale mto unapogawanyika mikono mikono kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Msitu wa mikoko wa huko ndio mkubwa kuliko yote Tanzania. Watu wanalima mpunga, wana minazi yao, wanavua kamba na kaa, na maji ndiyo majirani zao wa karibu kabisa.

Ukitoka Dar unateremka na lami ya barabara ya Kilwa mpaka Kibiti mjini. Hapo lami ikikuacha, unaanza na mchanga wa kwenye mikorosho. Ukizidi kuikaribia delta unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi udongo ule unakauka, unapasuka na kuwa mgumu kama tofali, na kila mtaro uliochimbwa na tairi wakati wa matope unabaki hapo hapo kama umemwagiwa zege. Masika unageuka mlenda. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti nayo yalizichapa barabara za huko vibaya sana. Lipo daraja la Mbuchi lililojengwa na TARURA, na wenyeji wanalishukuru. Lakini daraja kazi yake ni kuvusha, haliwezi kukutandikia lami huku na huku.

Sasa huko ndiko anakoishi mjomba wangu, kaka yake mama. Mjomba ana pikipiki aina ya Yamaha DT 125 ya siku nyingi. Wakubwa wanazikumbuka zile. Zilikuwa za mabwana shamba, za mabwana afya na za wazungu wa miradi. Mradi ukiisha, pikipiki inapigwa mnada. Hiyo ya mjomba imepita mikono mitatu kabla ya kumfikia, na vijana wa kijiweni wamekwishaibatiza jina. Wanaiita Mkoloni.

Siku moja simu inalia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Nitafutie shokapu ya nyuma. Hii imekufa."

"Imekufaje, mjomba?"

"Imekufa tu. Abiria wananikimbia."

Nikamdodosa, akafunguka. Kila shimo pikipiki inagonga chuma kwa chuma, ngaa! Abiria wake wa kuaminika walikuwa akina mama, wale wa kwenda kliniki na wa kwenda kuuguza, maana mjomba si mtu wa fujo barabarani. Lakini mmoja mmoja wamehamia kwa vijana wenye Boxer mpya. Kilichomuuma zaidi ni jirani yake. Binti wa jirani huyo ana mimba kubwa, na ilipangwa mjomba ndiye atakayempeleka Kibiti siku zikikaribia. Mama yake binti akamjia mjomba mwenyewe na kumwambia usoni: "Kaka, utanisamehe. Mwanangu simpandishi kwenye hiyo Mkoloni yako."

Hapo nikaelewa kwamba anayeomba shokapu haombi urembo. Anaomba arudishiwe kazi yake, na heshima yake juu.

Basi bwana, nikaingia Kariakoo. Kwenye duka moja la spea kijana mchangamfu akanitolea shokapu inang'aa kama meno ya bandia. "Hii ya gesi, braza. Ukifunga hii unapaa." Nikamuuliza maswali matatu tu. Kutoka jicho la juu mpaka jicho la chini ina urefu gani? Ikikandamizwa yote inaingia sentimita ngapi? Springi yake imetengenezwa kwa mzigo wa kilo ngapi? Kijana akaniangalia kama nimemuomba cheti cha ndoa. "Braza, hii inaingia pikipiki zote."

Kitu kinachoingia pikipiki zote, msomaji wangu, hakikutengenezewa hata moja. Sikununua shokapu. Nilinunua sili za oili, oili ya shokapu za mbele, kopo la grisi, bomba la sindano kubwa na futi ya kupimia. Kesho yake nikapanda basi la Kibiti.

Kufika Mbuchi nakuta baraza limekwishakaa. Mafundi wawili na vijana wa kijiweni wana dawa yao mkononi: wachukue shokapu mbili za Boxer, wachomelee vishikio viwili kwenye fremu nyuma na viwili kwenye mkono wa gurudumu, basi, Mkoloni awe na shokapu mbili kama wenzake. Bei nafuu, kazi ya jioni moja.

Hapa tusimame kidogo nikueleze, maana jambo hili linafanyika sana mitaani. Pikipiki ya kawaida ina shokapu mbili nyuma, moja kila upande. Uzito unapanda mpaka chini ya kiti, na fremu ya sehemu hiyo imejengwa nene kwa sababu hiyo. DT ni tofauti. Ina shokapu moja tu, imelala katikati, imejificha chini ya tanki na kiti. Mtindo huo ulibuniwa na Mbelgiji mmoja, injinia Lucien Tilkens. Yamaha wakaununua, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akautumia kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za matope, daraja la 250. Baadaye ukashuka kwenye pikipiki za watu wa kawaida kama hizi DT.

Maana yake nini kwa fundi wa kuchomelea? Maana yake ni kwamba zile bomba za nyuma ya DT, pale anapotaka kuweka vishikio vyake, kazi yake ni kubeba kiti na anayekikalia tu. Hazikutegemewa kupigwa na gurudumu kutoka chini. Ukizichomelea shokapu hapo, kila shimo ni nyundo. Siku ya kwanza pikipiki itakwenda. Mwezi wa pili bomba inapasuka pembeni ya welding, na haitapasukia kijiweni ikiwa imeegeshwa. Itapasukia njiani ikiwa na mtu nyuma.

Niliwaambia mafundi hivyo kwa adabu, maana ni wakubwa zangu. Mmoja akaguna, "Haya, tuone dawa yako ya Dar." Nikatoa futi. Vicheko! Eti nimekuja kumpima Mkoloni suti.

Kupima kwenyewe hakuhitaji digrii. Unainyanyua pikipiki mpaka gurudumu la nyuma lining'inie. Unapima kutoka ekseli mpaka alama moja uliyoiweka juu yake kwenye fremu. Hicho ni kipimo cha kwanza. Unaishusha isimame kwa uzito wake yenyewe, unapima tena. Halafu anapanda dereva, unapima. Mwisho anapanda na abiria, unapima. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na hivyo vingine ndiyo inayokuambia pikipiki imezama kiasi gani.

Kanuni ya mafundi wa duniani kote ni rahisi: ukiwa umeshapakia mzigo wako wa kila siku, pikipiki izame kama theluthi moja ya safari yote ya gurudumu. Kwa nini izame? Kwa sababu gurudumu halipandi tu, linashuka pia. Likikuta shimo linatakiwa literemke lifuate ardhi. Pikipiki isiyozama kabisa haina pa kuteremkia, inaruka shimo na kutua kwa kishindo. Na iliyozama sana haina pa kupandia, inagonga mwisho.

Mkoloni alikuwa na safari ya sentimita 17 nyuma. Peke yake alizama 5. Mjomba alipopanda, 9. Mjomba na abiria mmoja mwenye mwili wa wastani, 14! Zilibaki sentimita 3 tu za kupambana na mashimo yote ya kutoka Mbuchi mpaka Kibiti. Hapo hata wewe ungekuwa mama mwenye binti mjamzito, ungekataa.

Fundi yule aliyeguna akasogea, akaomba futi apime mwenyewe. Alipomaliza hakuguna tena. Akasema, "Kaza ngazi." Nikamwambia twende. Tukakaza springi mpaka mwisho. Na abiria juu yake ikazama 11 badala ya 14. Afadhali kidogo. Lakini ikiwa tupu ikawa haizami hata kidogo, ngumu kama benchi, inarukaruka. Ndiyo maana nasema kukaza ngazi kunainua makalio ya pikipiki tu. Springi inabaki ile ile. Kama ni laini kwa mzigo wako, ni laini tu.

Kabla ya kuigusa shokapu ya nyuma, tukaanza na wagonjwa wengine, maana Mkoloni alikuwa wodi nzima.

Wa kwanza, tairi. Mjomba alikuwa anajaza upepo mpaka tairi linalia kama ngoma, eti lisipate pancha. Watu wanasahau kwamba tairi ndiyo springi ya kwanza. Mwaka 1970 Honda walipoleta Marekani kipikipiki chao cha magurudumu matatu cha kutembelea porini, hakikuwa na shokapu hata moja. Kilitegemea matairi manene yenye upepo kidogo, na watu walikipanda wakafurahi. Tukapunguza upepo ufikie kiasi cha mzigo, si kidogo hata rimu igonge, wala si jiwe.

Wa pili, bushi za mkono wa gurudumu la nyuma. Tuliinyanyua pikipiki, tukalishika gurudumu na kulitikisa kushoto na kulia. Lilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Bushi zilikwisha, grisi ilishakuwa udongo. Nusu ya ile ngaa ngaa aliyoisikia mjomba ilikuwa inatoka hapo, siyo kwenye shokapu! Bushi mpya zilichongwa Kibiti mjini, tukazipaka grisi, kelele zikapungua siku ile ile.

Wa tatu, shokapu za mbele. Tulipofungua nati za chini, oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Yalikuwa maji. Maji ya delta, na ukisogea baharini yana chumvi. Chumvi ikikaa kwenye bomba ya kromu inatoboa vishimo vidogo vidogo, vishimo vinachana sili, sili iliyochanika inatoa oili na kuingiza maji. Mchezo ni huo mpaka shokapu ife.

Na hapa nawasema vijana. Pikipiki hizi zilikuja na mipira ya kujikunja, ile mieusi kama kinanda cha mkono, inayofunika bomba za mbele. Mtu wa mjini akiipata, cha kwanza anaivua, eti ni ushamba. Mipira ile ni mwavuli! Ya Mkoloni ilishavuliwa zamani na mmoja wa wamiliki waliopita. Tulisugua ncha kali za vile vishimo kwa msasa laini kabisa, tukafunga sili mpya, na mipira ya kufunikia niliitafuta baadaye nikaituma.

Oili nayo ina mambo yake. Mjomba alikuwa amewekewa oili ya injini iliyokwishatumika. Nzito sana inaifanya shokapu iwe ngumu, nyepesi sana inaifanya icheze. Oili yake maalumu ipo, ya namba 10 inafaa nyingi za hizi za zamani. Ikikosekana kabisa, mafundi wengi wanatumia oili ya giaboksi za magari ya otomatiki, maana wepesi wake unakaribiana. Cha muhimu, kiasi kiwe sawa sawa kulia na kushoto. Ndiyo kazi ya lile bomba la sindano. Mafundi walilicheka, lakini siku ya pili lilikuwa limeshahama mfukoni kwangu na kuwa la kijiwe.

Ikabaki nyuma. Kuna kipimo kimoja cha bure ambacho unaweza kukifanya hata hapo ulipo. Kandamiza kiti kwa nguvu zako zote halafu achia. Pikipiki ikipanda mara moja na kutulia, shokapu ina uhai. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena kama kitanda cha gesti, oili ndani imekwisha, imebaki springi peke yake. Springi inabeba, lakini anayeituliza springi ni oili. Ukifunga springi ngumu juu ya shokapu isiyo na oili, umemnunulia mwendawazimu nguvu.

Ya Mkoloni ilicheza kama kitanda. Kwa hiyo kununua nyingine kulikuwa lazima. Lakini sasa nilikuwa na karatasi yenye namba. Urefu wa jicho hadi jicho, unene wa bolti, upana wa pale inapoingia, safari yake, na mzigo: mjomba, abiria mmoja, na kapu.

Nilirudi Dar, nikazunguka kwenye spea za mtumba karibu wiki mbili. Nikapata shokapu iliyotoka kwenye pikipiki ya porini kubwa kidogo kuliko DT, ya Kijapani vilevile, springi nene, ina oili, haivuji. Zilikuwepo ndefu na nzuri zaidi kwa macho, nikaziacha. Ukifunga ndefu, nyuma inapanda, usukani unakuwa mwepesi wa kugeuka vibaya, mnyororo unabadilika mkao, na mjomba mwenyewe si mrefu. Kwenye utelezi wa mfinyanzi, dereva asiyefikisha miguu chini ni abiria mwingine tu.

Wakati nazunguka nilikutana na jamaa anayetengeneza kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne ambazo Zanzibar wanawakodisha watalii. Akaniambia ugonjwa ni ule ule. Kwadi za mbio za zamani kama Yamaha Banshee, iliyouzwa Marekani kuanzia 1987 mpaka 2006, watu wanazinunulia shokapu za bei mbaya kwa sababu wameona picha. Springi imepangwa kwa mkimbiaji, halafu anayepanda ni mtalii wa kilo 110 na mkewe. Kwadi ina shokapu mbili mbele na moja nyuma, kwa hiyo ukikosea unakosea mara tatu. Na yeye dawa yake ni futi, theluthi, bushi, oili, ndipo hela itoke.

Haya, tukarudi Mbuchi, tukafunga. Fundi yule yule wa kuguna ndiye aliyeshika spana, mimi nikashika futi. Mkoloni peke yake akazama 2. Mjomba peke yake, 4. Mjomba na abiria, 7. Siyo theluthi kamili, lakini kutoka 14 mpaka 7, msomaji wangu, ni kama kuhama nyumba. Zikabaki sentimita 10 za kupigana na barabara.

Mama yake binti hakutaka hadithi za sentimita. Alivaa kanga zake mbili, akapanda yeye mwenyewe. Wakaenda mpaka darajani na kurudi, mjomba kwenye mashimo hata hakujitahidi kuyakwepa. Mama akashuka, akajipapasa kiuno, akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Haya. Keshokutwa alfajiri, kabla jua halijakuwa kali. Na taratibu!" Alipelekwa siku zikiwa bado zipo, siyo uchungu ukiwa umeshaanza, na huo ndio mpango wa busara kwa mtu wa mbali na hospitali, shokapu iwe nzuri ama mbovu.

Ungedhani hadithi imeisha hapo. Wapi! Jioni ile mjomba akanivuta pembeni.

"Mjomba, sasa hii si itabeba mshikaki vizuri?"

Mshikaki unaujua, dereva na abiria wawili au watatu nyuma kwenye kiti kimoja. Nikamwambia tupime. Tukawapandisha vijana wawili nyuma yake. Mkoloni akazama 12. Tumerudi kule kule tulikotoka, na shokapu mpya ndani!

Akakaa kimya, halafu akasema neno ambalo mpaka leo sina jibu lake la haraka. "Mjomba, abiria wa kwanza ananirudishia mafuta. Huyo wa pili ndiye unga wa nyumbani."

Hapo ndipo utajua kwamba shokapu ni hesabu ya maisha. Sheria inataka abiria mmoja, na kofia ngumu kichwani. Springi nayo, bila kuisoma sheria, inataka hivyo hivyo. Lakini mtoto wa mjini anayelipwa mwisho wa mwezi ni rahisi kumhubiria mtu wa Mbuchi. Sikumhubiria. Tulikaa na kalamu. Mshikaki unampa nauli ya ziada leo, kesho unamla bushi, keshokutwa sili, na mwisho unamfukuzia wale akina mama ambao ndio waaminifu. Nilipiga hesabu ya spea tulizonunua kwa miezi ile, nikamwekea mbele.

Makubaliano yake hayakuwa ya malaika. Wa kliniki na wagonjwa anawabeba mmoja mmoja, nauli imepanda kidogo, na wenyewe wameikubali kwa sababu wanafika wakiwa wazima. Mizigo ya kaa ameipunguza kwa kapu moja. Mshikaki amesema ameacha. Mimi niko Dar, siwezi kumlinda. Ila namjua mjomba, na najua futi nimemwachia. Kila akipima anaona mwenyewe namba inavyosogea, na namba haina undugu.

Sasa wewe uliyenisoma mpaka hapa, labda una kaka yako kijijini anakulilia shokapu, au una mkweche wako hapo nje unaotaka kuupendezesha. Kabla hujatoa hela, nyanyua, tikisa, kandamiza, pima. Angalia upepo wa tairi, halafu bushi, halafu oili na sili. Ukishamaliza hayo, na bado inazama, ndipo uingie Kariakoo na karatasi yako yenye namba. Ukiulizwa unataka rangi gani, jibu unataka ya kubeba watu wangapi. Na ukiona fundi anawasha welding kwenye fremu ya shokapu moja ili aweke mbili, mwombe kwa adabu azime kwanza mzungumze.

Nyekundu au nyeusi, hiyo utachagua mwisho. Hata mimi napenda nyekundu, ila ya Mkoloni ni nyeusi na imeingia kutu kidogo.

Wiki ijayo nitawarudia kina dada walioniandikia kuhusu wachumba wasiojua kupika. Nimewasoma, sijawasahau. Mpaka hapo, tembeeni salama na mlinde viuno vyenu.